Tutonge ya Ziwa Yangu

Hapana, haina macho. Haina kinywa, haina meno, haiite muntu jina yake. Nayua njo kile unataka kuuliza, juu kila muntu mwenye anaingia mu huu lupango, mu kiwanja yangu, anaanzaka kuniangalia hapa ku kifua, upande yenye ilibaki sawasawa na mubao, nyuma anasema: "Mama, mvua itanyesha leo?" Mvua gani? Sema tu. Sema unataka kuyua kama ile nyama banganga ba hospitali balinikata iko inaishi kweli, kama iko inakula, kama siku moja itatoka kule mu labo, mu maabara, na kukuya kugonga ku mulango yangu. Haitakuya. Ingekuwa na miguu, ningekuwa nilishaituma kuchota mayi.

Ikala, nikuelezee muzuri. Na usinihurumie na uso, ile uso sawa ya padri ku mazishi. Nilishaiona ya kutosha.

Kivimba kilianza kidogo sawa mbegu ya muhindi, ndani ya ziwa ya kushoto, ile ya kunyonyesha mutoto. Niliinyamazia. Ikakua sawa karanga na ganda yake, nikaendelea kuinyamazia, mpaka muyukulu yangu mwanamuke alinikumbatia siku moja, akaisikia na mukono yake. Hakulia. Alinikamata mukono pale pale, na kitambaa changu cha jikoni ku kiuno, akanipeleka ku hospitali. Unapashwa kuyua: kwetu muyukulu mwanamuke njo mupali, muke mwenza, ya nkambo yake, maana wote mbili tuko tunagombania bwana moja, ata kama huyu bwana alishakufa zamani na hakuna mwenye atamupata tena. Njo maana tunatukanana kutwa na hakuna mwenye anakasirika. Mu njia alikuwa ananiambia: "Mupali, ukikufa mbele yangu, nitakamata ile kikwembe yako, ile kitenge ya kijani." Nikamwambia ile kikwembe haitamuenea, matako yake iko ya ofisi.

Yeye anatumika kazi mu labo ya université, chuo kikuu. Alisoma. Miye sikusoma ata darasa moja, na siko nalia. Nilijenga hii nyumba ya Ruashi, mutaa yetu, na matofali yenye nilifinyanga na mikono yangu, na haijaanguka.

Basi munganga, mwanamuke mupole mwenye anaongeaka sawa eko anaogopa kuamusha mutoto, akaniuliza mbele ya kunikata: "Mama... kile tutatosha mu mwili yako... tukichome na moto, ao tunaweza kupatia benye labo kipande?" Nikauliza labo gani. Akasema ile ya kule muyukulu yako. Nikatia kidole mu wino mbele hajamaliza neno.

Juu ya nini? Juu ya mutoto yangu, mama ya huyu mupali. Yeye pia alipata kivimba ile ile. Balimupatia dawa, na munganga wa ile siku, mwanaume moja wa miwani, alisema na sauti ya muntu mwenye anauzisha kitanda: "Hii dawa ni nguvu, Mama, mu labo za Bulaya iliua zote." Mutoto yangu akainywa. Nywele ikatoka, makucha ikatoka, kivimba ikabaki pale pale, haikusalimia dawa ata kidogo. Tulimuzika na maziwa yake yote mbili. Hakukosa ata kipande. Sasa ile kukamilika ilimusaidia nini?

Shika hapo. Tutarudilia.

Vile nilipona, mupali akanipeleka nione. Alinivalisha koti nyeupe, nikasimama sawa munganga wa kweli, nikaanza kuambia batoto ya stage, benye banajifunza kazi: "Kohoa. Tena." Balikohoa. Mupali akanivuta mukono.

Mu chumba moja kuko masini inalia ziii, ziii. Miye naiga sauti ya mupali vile: anasemaka mbio mbio na anamalizaka kila kintu na "donc", kifransa ya "basi". "Nkambo, hii ni imprimante, lakini haichape karatasi, inachapa kintu, donc inayeyusha plastiki, inapanga ngazi kwa ngazi, donc." Nikaangalia. Uzi ya plastiki iko inatoka ku kasindano, inazunguka, inarudia juu yake, sawa muntu anasuka kitunga kuanzia chini. Yenye ilitoka ilikuwa kintu kidogo sawa biskuti, na juu yake tuvidole mingi tunasimama. Ile njo moule, kalibu ya kufinyangia. Banamwanga juu yake mayi ya moto yenye inagandaka sawa uji ya juzi, inapoa, banatosha ile plastiki, na mu ile uji inabaki tutundu mingi sawa nyumba ya nyuki.

Moule, ile nayua. Nikamwambia mupali: "Muzipake mafuta mbele, ao munyunyizie muchanga kidogo, zitatoka muzuri. Matofali ya hii nyumba yote ilitoka vile." Akacheka mpaka akashika meza. "Nkambo, ukitia mafuta, ile nyama yako yote inakufa. Na ukileta muchanga hapa, banatufukuza wote mbili." Basi nikanyamaza, kintu yenye haiyafanyika sana tangu nibatizwe.

Balinikata ile nyama, bakaitenganisha mpaka ikawa mayi yenye seli ndani. Seli, njo vile anaitaka tupande tudogo twa mwili twenye jicho haione. Banaziachia mu tutundu. Chini kuko telezi, pembeni kuko telezi. Sasa vile zinakosa pa kushika, zinashikana zenyewe. Kesho yake unakuta mu kila katundu katonge kamoja, kamuviringo, sawa tonge ya bukari, ugali yetu, yenye umefinyanga mu mukono mbele ya kutia mu mboga. Miye njo nilizipa ile jina, tutonge. Balikuwa na jina ya kifransa ndefu, lakini sasa bote mu labo banasema tutonge, ata chef, mukubwa yabo.

Na usizani ilitoka muzuri mara moja. Moule ya kwanza ilitoka na ndevu za plastiki, tutundu tumoja tukubwa, tumoja tudogo, basi na tutonge ilitoka sawa jamaa yetu ku meza: mumoja alikula sana, mwenzake alikosa. Bakachapa tena, na tena. Siku moja courant ya umeme ikakatika, na ile kabati yenye inazichungaka mu joto ya mwili ikaanza kupoa, groupe, ile masini ya kutosha umeme, nayo ikakatala kuwaka, mupali akavuta kamba yake ya kuwashia mpaka akachanika kiganja. Ikawaka. Aliniambia ile na sauti kidogo, bila "donc".

Akaniweka jicho ku masini ya kuangalilia bintu bidogo. Nikaiona. Nyeusi katikati, pembeni kama yenye mavumbi, sawa tonge yenye mutoto alifinyanga bila kunawa. Nikaiambia: Muchoyo. Ulikula ziwa yangu muzima, na sasa uko unangojea bakuletee chakula tena.

Juu ya nini tonge, haiko bapa? Niliuliza. Mupali akasema zamani balikuwa banazilalisha mu sahani, zinatandama sawa chapati, unamwanga dawa, zinakufa zote, bantu banapiga makofi. Lakini kivimba mu mwili haiko chapati. Iko tonge. Dawa inagusa inje, inachoka, katikati inabaki inaicheka. Nikasikia ile, nikatafuta kiti. Juu nilikumbuka ile mwanaume wa miwani: iliua zote. Iliua chapati.

"Lakini usifurahie sana," mupali akaniambia. "Weye balishakukata. Hii haitakusaidia weye."

"Nani alikuambia niko natafuta yangu?" nikamwambia. "Yangu balishaikata. Niko natafuta yako." Juu yeye pia iko na maziwa mbili, na mama yake njo ule, na nkambo yake njo miye.

Sasa njo shemeki anaingia.

Shemeki ni mukubwa ya marehemu bwana yangu, na njo yeye mwenye jamaa sasa. Alitumikaka ku reli maisha yake yote, na anasemaka sawa train yenye inatoka ku gare: kwanza moshi, nyuma kikohozi, nyuma inavuta, inavuta, njo unasikia neno ya kwanza iko inapita. "Hm. Hm-hmm. Mu... jamaa... yetu..." Ukitaka unaenda kuangalia sombe, majani ya muhogo, ku moto, unarudia, bado hajafika ku stesheni ya pili.

Nani alimwambia? Siyui. Ruashi haikosake kinywa. Bantu balishaanza kusema niliuzisha mwili yangu ku bazungu, kumbe mu ile labo muzungu hakuna ata moja. Shemeki akasikia, na akasema kintu yenye hata miye siwezi kucheka: mu jamaa yetu muntu anazikwaka muzima, hapana nusu.

Na ni kweli. Tate yabo, baba ya shemeki na ya bwana yangu, alikatwaka mukono ku mine, mu mugodi, kule Kambove. Ile mukono haikutupwa. Balitengeneza kasanduku, bakavalisha nguo nyeupe, bakafanya kilio, matanga yote, bakazika. Na siku ule muzee alikufa, balimulalisha pembeni ya mukono yake, akalala muntu kamili. Shemeki alikuwa mutoto ile wakati. Alinieleza ile kilio mara mingi, na kila mara anaelezaka kidogo mukono, mingi mbuzi: ilikuwa ya rangi gani, nani alichinja, supu ilikuwa na pilipili namna gani, na vile yeye alipata figo juu alikuwa mutoto ya kwanza.

Basi akaenda kwa fundi ya mbao, akatengenezesha kasanduku, kazuri, na kamusalaba juu. Akavaa koti yake ya reli. Akaenda ku labo, peke yake, kukamata ziwa yangu.

Hii mupali alinieleza, na miye naikuigia vile alinieleza. Shemeki alifika mu couloir, ule ujia ya ndani, akakuta frigo, kabati ya baridi, kubwa, nyeupe. Akasimama. Akatosha kofia. Akatia kasanduku chini, akapiga alama ya musalaba, akasali Baba Yetu yote, polepole, na Salamu Maria nyuma, machozi inatoka kweli. Stagiaire moja, mutoto ya stage, akakuya mbio, akangojea amen, akafungua ile frigo na akatosha mikate na chupa ya mayi. Ilikuwa frigo ya chakula, ya benye kutumika. Ya tutonge iko kabati ingine, na haiko baridi, iko joto.

Nilicheka ile siku mpaka kovu ikaniuma. Nyuma nikafikiri: huyu muzee alilia juu yangu mbele ya mikate. Hakuna mwingine alishalia juu yangu mbele ya kintu.

Chef ya labo akamukaribisha ku ofisi. Ule ni muntu wa Kasai, mwenye adabu mingi, anaongeaka sawa anashona nguo ya arusi, kila mara na "siyo?" ya kifransa: "N'est-ce pas, papa, tunaheshimu familia, n'est-ce pas." Akasema Mama alitia kidole, ni haki yake. Shemeki akauliza tangu lini bibi ya jamaa anatia kidole bila jamaa. Chef akageuza kalamu, akageuza kalamu. Mwisho akasema yeye hawezi kupigana na jamaa ya muntu. Tuikale siku ya mungu, jumapili, tupatane. Kama jamaa inakatala, atatosha tutonge, atazipatia shemeki mu kasanduku, na kazi ya mupali itasimama pale pale.

Unaelewa? Ile tutonge ukiitosha mu joto yake, ukiinyima mayi yake ya rose, ile chakula yake, inakufa mbele haijafika ata ku barabara. Na dawa zenye balikuwa bameanza kuonjesha, moja kwa moja, kutafuta ile yenye inaingia mpaka katikati, zote bure. Mupali alikuya kwangu, akaikala hapo pa ngazi, hakunitukana. Hapo njo niliyua mambo iko mubaya.

"Nkambo, kama unataka kuachia, achia," akasema. "Siwezi kukugombanisha na jamaa juu ya kazi yangu."

Nikamwambia aende kunawa uso, na ile kikwembe ya kijani hataipata.

Siku ya mungu, nyuma ya misa, bakakuya. Biti ikajaa bantu mu lupango. Bibi ya shemeki, muke yake, naye alikuya, na kama kawaida yake hakuikala na bantu, aliingia jikoni, akakuta sombe haijatwangwa, akakamata kinu. Ule ni mwanamuke mwenye anasema mara moja mu mwaka. Tulioleka mu jamaa moja, tulizeekea pamoja, nayua kikohozi yake kuliko sauti yake. Twa, twa, twa, njo kile tulisikia nyuma ya maneno yote.

Kasanduku kalikuwa pa meza.

Shemeki akatoka ku gare. Moshi, kikohozi. Akaeleza mukono ya tate yake. Akaeleza na mbuzi. Akasema, na ilikuwa ya kweli mu kinywa yake, sikuona mubaya ndani, akasema hataki kufika kule mbinguni, ndugu yake amuulize: Bibi yangu, mulimuleta nusu, ile ingine iko wapi? Naye ajibu: Iko mu plastiki.

Bantu bakacheka kidogo. Miye sikucheka.

Nikasimama. Nikafungua blouse kidogo, hapa juu, baone kovu, benye aibu baangalie chini. Nikasema: mukono ya tatemukwe yangu ilikuwa imekufa. Njo maana balizika, na balifanya muzuri. Nyuma nikageukia mupali, nikamuuliza mbele ya bote, na sauti ya shemeki, ile ya train, bantu bakafunika kinywa: "Hm-hmm. Ile tutonge... iko... inakula?"

"Inakula, nkambo."

"Iko inakua?"

"Inakua."

"Basi," nikasema na sauti yangu, "kintu yenye inakula na inakua, shemeki, banaizikaka? Mu jamaa yetu, njo nani anazikaka bazima? Nitajie jina ya ule muntu."

Ule muntu mwenye anazika bazima iko na jina, na ile jina hatuitaje mu lupango, hapana siku ya mungu. Shemeki akaangalia kasanduku. Nikamwambia: siku itakufa, nitaleta miye mwenyewe, mikono yangu mbili, na weye utasali tena, na hii mara nitakuonyesha kabati ya kweli. Lakini saa hii inatumika. Miye nilitumika maisha yote, hii nayo itumike. Mutoto yangu alienda mu udongo muzima na hakuna kintu alituachia cha kujifunzia. Miye nitaenda nusu. Kama bwana yangu anataka kuuliza, aniulize miye, hatakosa jibu, hakukosaka hata mara moja.

Nilifikiri nimeshinda. Lakini muntu mukubwa haikubalake kushindwa mbele ya biti yenye iko na bantu. Shemeki akasimama, bila moshi, bila kikohozi, na njo mara ya kwanza nilisikia train yake kuanza mbio.

"Basi ikala na plastiki yako," akasema. "Siku yako, jamaa haitakuya ku kilio. Hakuna mwenye ataikala kiti. Hakuna mwenye ataimba. Hakuna mwenye atakubeba."

Hii ilinifikia. Siwezi kukudanganya. Unaweza kunikata ziwa, unaweza kuniita mulozi mu soko. Lakini muntu kulala mu nyumba yake na hakuna mwenye analia ku mulango, ile ni kintu ingine. Nilisikia baridi pale pa kovu. Nikafungua kinywa, nikamwambia sawa, nitapanda pikipiki mpaka ku kaburi, mupali atanishikilia nyuma. Bantu habakucheka. Mupali alishaanza kusimama, niliona macho yake, alikuwa anaenda kuambia shemeki: kamata, nkambo mukubwa, kamata zote.

Jikoni, kinu kikanyamaza.

Nayua leo bantu banasema nilishinda na maneno yangu. Hapana. Kasanduku kako pale, unakaona, natiaka bitunguu. Tutonge iko inakula mpaka leo, na mupali eko anachapa moule zingine. Shemeki anakuyaka kila siku ya mungu, anaikala ile kiti. Haikuwa maneno yangu. Ilikuwa bibi yake, mwenye alitoka na muti ya kinu mu mukono, sombe inamudondoka ku kiganja, akamuangalia bwana yake sawa muntu anaangalia mutoto mwenye anajifanya kulala, na akamuuliza:

"Weye, kilio gani yenye iko na bukari ulishakosaka?"